Mzigo Usiolipiwa Mahari

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zote za cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba mzigo wa pikipiki usipolipiwa mahari hurudi kwao. Msicheke. Ninyi mnaamini simu inayowaambia mpinde kushoto wakati kushoto ni ziwa.

Nawaandikia ninyi mnaopita hapa kwangu Kiseke kila mwisho wa juma na vipikipiki vyenu vidogo, mkielekea Bukoba, Kigoma na kwingineko, kwa sababu tu barabara ipo. Enzi zetu mtu alisafiri mbali na pikipiki kwa sababu basi limemwacha au amefiwa. Ninyi mnasafiri kwa raha, na mimi hiyo raha naipenda. Lakini mkisimama kwenye kibaraza changu kuomba maji, macho yangu hayaangalii nyuso zenu. Yanaangalia keria. Juzi mmoja wenu alikuwa amefunga hema, jiko la gesi na mtungi wake juu kabisa na nyuma kabisa, mpaka tairi la mbele likawa linagusa ardhi kwa heshima tu. Nilimsalimia kwa sauti ya kumuaga.

Kazi yangu, kabla magoti hayajanistaafisha, ilikuwa kuandaa pikipiki ndogo kwa safari ndefu. Fundi wa kutengeneza yuko kila kona. Sisi tulikuwa watu wa mwisho kuigusa pikipiki kabla haijatoka mjini: tunaikagua, tunaikaza, tunaifungia mizigo. Kibanda chetu kilikuwa Mirongo, karibu na maduka ya vipuri, kimeegemea jiwe kubwa ambalo, naapa, ndilo lililokuwa limeushikilia mtaa mzima usiteremke ziwani. Alikuja bwana shamba anayekwenda Ngara. Alikuja mhubiri anayekwenda Kibondo. Alikuja mwalimu wa kwaya anayepeleka kinanda Tarime. Wote walikuja na mzigo mkubwa kuliko pikipiki, na wote walikuwa na sentensi moja: "Fundi, ni vitu vichache tu."

Mwenye kibanda alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa kutoka upande wa Musoma, mwembamba kama spoku, mwenye vidole ambavyo vingeweza kupiga fundo kwenye moshi. Hakuwa mtu wa maneno. Siku nzima angekupa sentensi moja, na kesho yake akairudia kwa sababu jana hukuielewa. Na ulimi wake, kama wa watu wengi wa ziwa hili, ulikuwa hauna l. Kila l iligeuka r. Alikula chakura, alirara mapema, na akifika kwenye mrima alishusha gia.

Mimi Shija, mtoto wa Ngudu, nilikuwa na ugonjwa wa upande wa pili. Kwetu kulikuwa na uhaba wa r. Nilisalimia "habali", nilisikiliza "ledio", nikiumwa nilikwenda kwa "daktali". Basi kutwa nzima pale kibandani yeye ananirushia r, mimi namrudishia l, na mteja aliyesimama katikati yetu alihitaji mwamvuli.

Ndipo nikajiunga na masomo ya jioni. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali mpaka chaki zilimwogopa, alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya darasa tuseme "lori, rula, lori, rula" hadi mataya yatangulie nyumbani. Maneno hayo mawili yalinikondesha kuliko homa. Lakini nilifaulu! Nikapewa cheti, na pamoja na cheti nikapata r ya kwanza maishani mwangu. Mtu akipata kitu ukubwani hukithamini. Tangu siku hiyo nikisikia r kinywani mwa mtu, naiinukia kwa adabu. Haikunijia kabisa kwamba kuna r nyingine zinatoka tu, hazijatumwa na mtu.

Sasa sikilizeni. Juma lile lile la cheti tulikuwa tunafunga kinanda cha mwalimu wa kwaya. Nilikuwa nimekipandisha juu ya mabegi na kukivuta nyuma, kinaning'inia nje ya keria kama mkia wa mamba. Mzee Magesa akaja, akakitazama, akanitazama, akakishusha. Akanipa sentensi yake ya siku.

"Shija, kira mzigo una mahari yake."

Akaenda kunywa chai.

Nikabaki nimeshika kinanda. Mahari? Kwetu mahari si jambo la mzaha. Ng'ombe hutangulia, binti hufuata, na ng'ombe wakikwama njiani binti hurudi kwa baba yake. Nikakitazama kile kinanda. Kinaondoka kwao Mwanza, kinakwenda kukaa Tarime moja kwa moja, kati ya watu kisiowajua. Ikaniingia akilini vizuri, kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Ningemuuliza Mzee aniongezee maelezo, lakini mtu mwenye cheti haulizaulizi. Nikamfuata jirani yetu mziba pancha, tuliyemwita Juma Kiraka, mtu ambaye hakuwahi kucheka mbele ya anayemdanganya.

"Juma, hivi mzigo hulipiwa mahari?"

Hakuinua hata kichwa kwenye beseni la maji alilokuwa anapimia tyubu.

"Leo ndiyo unajua?"

"Hulipwa nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani wa kupanda pikipiki?"

"Wa udongo, wewe. Mwenye nundu. Asiye na nundu hapokelewi."

"Na usipolipa?"

"Mzigo unarudi kwao. Hujaona inavyoteleza kwenda nyuma? Niambie, umeona wapi mzigo unateleza kwenda mbele?"

Hapo alinimaliza. Kwa sababu ni kweli, vijana. Mzigo huteleza kwenda nyuma.

Toka siku hiyo hakuna pikipiki iliyotoka kwetu bila ng'ombe. Mzee akienda kwenye chai yake, mimi nafinyanga. Udongo wa mfinyanzi nilikuwa nao kwenye kopo, pembe za njiti za kiberiti, mkia wa uzi wa kebo. Namchomeka ng'ombe chini ya turubai, namnong'oneza mzigo usafiri salama, nafunika. Na mizigo ilifika! Mwalimu wa kwaya alirudi kutoka Tarime akisema kinanda hakikutikisika hata kwenye matuta. Bwana shamba alibeba trei za vifaranga hadi Ngara, na anasema vifaranga walishuka wamesinzia. Watu walimsifu Mzee Magesa, Mzee akatikisa kichwa kidogo, na mimi nikatazama pembeni nikitabasamu. Mizigo yote aliipanga yeye kwa mikono yake, mimi nilichomeka ng'ombe tu, lakini nilijua nani amefanya kazi.

Juma Kiraka naye alihakikisha habari haioti kutu. Muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa unaijua. Waendesha bodaboda wakawa wananisimamisha kuniuliza, kwa nyuso za msibani, kama gunia la mitumba hulipiwa dume au ndama. Nilikuwa nawajibu. Nilikuwa na majibu!

Ngojeni niwape na ya maana kidogo, msije mkasema mzee wa Kiseke amewapotezea bando.

Cheni kwanza. Mtu anakaza cheni pikipiki ikiwa tupu, inang'aa juu ya stendi, halafu anapandisha gunia, shemeji na yeye mwenyewe. Pikipiki ikishuka kwenye shokapu zake, cheni inavutika. Ukiwa umeikaza hadi mwisho, itakatika Usagara, hata hujaanza kukumbuka nyumbani. Panda juu yake na mzigo wako wote, mwenzako achuchumae aisukume cheni kwa kidole. Ikicheza kidogo, nendeni. Ikilia kama gitaa, ilegezeni.

Kebo ya klachi ya akiba usiiweke kwenye begi. Ipitishe kabisa sambamba na ile inayofanya kazi, uifunge nayo kwa vipande vya tyubu, ncha uzizibe vumbi lisiingie. Siku kebo ya zamani itakapokatika porini unachomoa huku, unachomeka kule, na abiria wako atadhani ulisimama kujisaidia.

Beba kipande cha sabuni ya mche, ile ngumu ya kufulia. Tangi likianza kudondosha petroli mbali na fundi, zima injini, sugua sabuni kwenye ufa mpaka uzibe. Yule mhubiri wetu alitoka Kibondo hadi Mwanza kwa sabuni na maombi. Yeye husimulia maombi tu.

Na kufunga, funga kwa mpira wa tyubu iliyochanwa. Kamba ya nailoni mzigo ukishuka kidogo inabaki inaning'inia inashangaa. Mpira unaufuata mzigo popote unapokwenda. Hata hivyo simama senta ya kwanza ukaze tena. Mzigo uliofungwa asubuhi ni kama mgeni kwenye kochi, lazima ajisogezesogeze kwanza ndipo atulie. Spana na pampu viwe juu, unapofikia bila kufungua kitu. Nimemwona mwanamume mzima akiishusha nyumba yake yote kando ya barabara, godoro, sufuria, picha ya harusi, ili afike kwenye kiraka kilichokuwa chini kabisa.

Basi. Sasa tuje kwa Asimwe.

Asimwe alikuwa binti wa Muleba, anauza kwenye kaunta ya duka la vipuri la familia moja ya Kihindi ya tangu zamani, hatua chache kutoka kibandani kwetu. Kwenye kaunta ile zilipita ndimi zote za ziwa. Huyu anataka pragi, yule lejeta, mwingine tairi ra mbere. Asimwe hakuuliza mara mbili. Alinyoosha mkono kwenye rafu bila kugeuka akatoa chenyewe.

Siku ya kwanza nilipokwenda, woga uliniporomoshea cheti chote.

"Dada, nipe bleki za nyuma."

"Za mbele hutaki? Au wewe huwa unasimama kinyumenyume?"

Nilirudi kibandani nikiwa nimeumwa na kuponywa kwa pamoja. Kesho yake nikarudi kununua breki nyingine. Nilinunua breki ambazo zingesimamisha treni ya mizigo ikiwa inashuka. Hatimaye akaweka viwiko juu ya kaunta, akaniambia:

"Shija, hakuna pikipiki inayokula breki hivyo. Sema unachotaka."

Nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyemeza nati, lakini nilisema.

Akafikiri, akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Mimi sina neno. Neno liko kwa baba. Na baba yangu haangalii sura, anaangalia mtu anavyofika."

Baba yake alikuwa Ta Kaijage; Ta ndiyo heshima ya kumwita mwanamume mtu mzima kwao. Mchumba wa dada mkubwa aliwahi kupeleka zawadi kwa baiskeli, mafuta ya taa yakamwagikia kanzu njiani, na Ta Kaijage akamrudisha na kanzu yake ikinuka. Alisema mtu asiyeweza kufikisha kanzu hawezi kufikisha mke uzeeni. Mambo ya ng'ombe wenyewe, wa damu na kwato, wazee wa pande zote mbili walishayamaliza. Kilichobaki ilikuwa siku moja tu: mimi kufika Muleba na zawadi za nyumbani, na Ta Kaijage kusema ndiyo au hapana. Akisema hapana, Asimwe hatorudi Mwanza. Shangazi yake alishamtafutia kazi Bukoba.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Magesa. Mgongo wake haukutaka tena kusikia habari za pikipiki, kwa hiyo alitangulia kwa basi siku moja kabla, na koti lake la jumuiya ya kanisa. Ikawa, kwa mara ya kwanza maishani, nafunga mzigo wa safari ndefu bila yeye.

Nilikuwa na kanzu ya mzee, vitenge vya mama na shangazi, blanketi zito, na, kwa ajili ya mama mkwe, kichwa cha cherehani. Chuma kitupu, kizito kama dhambi. Nikakaa nikawaza. Nikakiweka kichwa cha cherehani juu ya kila kitu, nyuma kabisa ya keria, kwa sababu nilitaka kiwe cha kwanza kuonekana nikikata kona ya kijijini. Halafu nikafinyanga ng'ombe. Vijana, yule ng'ombe! Nundu yake ilikuwa na nundu. Nikamfunga na mpira, nikampiga picha akilini, nikaondoka na jua.

Kufika Kigongo nikapandisha pikipiki kwenye kivuko. Ndiyo, kivuko; ninyi mnapita darajani mkijipiga picha. Nilipogusa tu mteremko wa kupandia, tairi la mbele likainuka hewani, pikipiki ikasimama kwa miguu ya nyuma kama farasi wa mfalme, na mimi nikawa naangalia mawingu. Watu wakaniwahi. Mama mmoja mwenye beseni la sato akanitazama kwa huruma.

"Kaka, huu mzigo wako unataka kurudi Mwanza."

 Hata mwenye samaki anajua! Nikaelewa kosa liko wapi: ng'ombe mmoja kwa cherehani ni dharau. Upande wa pili, Busisi, nikashuka mpaka majini, nikachukua matope ya ziwa, nikafinyanga wa pili, nikamfunga nyuma ya yule wa kwanza.

Baada ya Sengerema mzigo ukalala ubavu. Nikaongeza ng'ombe. Karibu na Geita udongo ni mwekundu, mzuri, unashika. Nikaongeza ng'ombe na ndama wake. Katoro nililala, asubuhi nikaona cherehani imeshuka karibu na taa ya nyuma, nikasema sasa nikate mzizi wa fitina, nikatengeneza dume la ukubwa wa ngumi mbili. Na wote nikawafunga pale pale nyuma, penye mzigo wao. Mnaona hesabu ilivyokuwa inakwenda. Kadiri nilivyolipa ndivyo tairi la mbele lilivyozidi kuwa jepesi, na kadiri lilivyozidi kuwa jepesi ndivyo nilivyozidi kulipa. Milima ya Muleba niliipanda nimelala juu ya tangi kama mjusi, kidevu kwenye spidomita, ili uzito wangu uikumbushe pikipiki kwamba ina tairi mbili. Watoto wa shule walinipungia. Nadhani walifikiri nimekufa.

Lakini nilifika. Kanzu kavu, vitenge vikavu, cherehani nzima. Nilizima injini kwenye ua katikati ya migomba, nikamwona Mzee Magesa amekaa ndani kwenye kiti cha heshima, kifua mbele, na nikajua nimeoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole na barabara. Kaa."

Ta Kaijage alikuwa mzee mnene wa sauti ya taratibu, mwenye kofia ya kitambaa na fimbo. Mzee Magesa akasimama akatoa hotuba, na mtu yule wa sentensi moja kwa siku siku hiyo alitoa za mwaka mzima. Alinisifu mpaka nikageuka kuangalia anayesifiwa yuko wapi. Alisema mimi ni kijana wa kazi, msikivu, nafuata mafunzo yake neno kwa neno. Ta Kaijage alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nje shangazi na wanawake wenzake walikuwa wanafungua mzigo kwa vigelegele.

Vigelegele vikakatika.

Shangazi akaingia ameshika ungo. Juu ya ungo, zizi langu lote, limepangwa mstari, dume la Katoro mbele.

"Kaka," akamwambia Ta Kaijage, "hawa walikuwa wamefungwa pamoja na vitenge."

Ta Kaijage akavaa miwani. Akamwinua ndama, akamgeuza, akamrudisha.

"Mwanangu, hawa ni nini?"

Na mimi, kwa sauti safi, na r ya cheti imenyooka kama rula, nikajibu:

"Ni mahari, baba."

Ta Kaijage akalirudia neno taratibu.

"Mahari."

"Ndiyo baba. Yote imelipwa. Na njiani nimeongeza."

Fimbo ikagonga sakafu. "Ng'ombe wa binti yangu ni hawa?"

"Hapana baba! Hawa si wa Asimwe. Ni wa cherehani."

"Umeitolea mahari cherehani?"

"Isingekubali kuja, baba."

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni. Shangazi akaanza kurudi nyuma na ungo, taratibu, kama anayeondoka kwenye chumba cha mgonjwa wa kuambukiza.

"Nani amekufundisha mambo haya?"

Nikamwonyesha kwa mikono miwili, kwa heshima. "Mzee wangu huyu."

Vichwa vyote vikamgeukia Mzee Magesa. Sijawahi kumwona mtu akishuka kutoka kwenye kiti cha heshima bila kusimama.

"Mimi?" akasema. "Mimi nirisema nini?"

"Ulisema kila mzigo una mahari yake."

"Ndiyo! Una mahari yake!"

"Anakubali," akasema shangazi.

"Siyo mahari!" Mzee akapiga kelele. "Mahari!"

Ta Kaijage akavua miwani. Na hapa ndipo shida ilipokomaa, kwa sababu yeye naye l na r zilikaa nyumba moja, inatoka yoyote iliyo karibu na mlango, hakuwa na msaada wowote wa kutupa.

"Subiri, ndugu yangu. Unasema mahari, au unasema mahari?"

"Mahari!"

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo ya ng'ombe! Mahari ya kukaa!"

"Mahari ya kukaa? Na ya kuondoka ni ipi?"

Mzee Magesa akajipiga kwenye paja, akainuka, akaonyesha kwa mikono kitu kinachowekwa chini, akaonyesha kitu kinachosukumwa mbele, akapinda mgongo akawa pikipiki. Shangazi akamwomba Mungu kwa sauti ya chini. Ta Kaijage akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya taratibu kuliko mwanzo, jambo lililonitisha zaidi.

"Kijana. Nilimrudisha mtu kwa ajili ya mafuta ya taa. Wewe umeniletea kejeli na mshenga mwendawazimu. Fungeni vitu vyenu."

 Lori na rula zote zilinikauka. Nikasimama, nikaenda mlangoni ulikofunguliwa mzigo, nikaanza kuikunja kanzu ambayo nilikuwa nimeifikisha kavu kutoka Mwanza.

Kwa desturi ya siku kama ile, binti hukaa ndani mpaka aitwe. Asimwe hakusubiri kuitwa. Alitoka jikoni akapiga magoti mbele ya wazee, mikono bado ina maganda ya ndizi.

"Nisamehe, baba. Huyu mzee si mwendawazimu. Kila siku anakuja kauntani kwangu kuomba tairi ra mbere, na mimi nampa la mbele. Wewe mwenyewe hapa nyumbani huniita nikuletee chakura. Alikuwa anamfundisha Shija kufunga mzigo, basi. Hakuna aliyekutukana."

 Midomo ya Ta Kaijage ilianza kutembea bila sauti. Alikuwa analijaribu neno, mara hivi, mara vile. Kisha mabega yakatikisika kidogo. Kisha tumbo. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka, mama mkwe akamfuata, shangazi ikabidi aweke ungo chini. Mzee Magesa alikaa akajifuta jasho kwa tai.

"Lete lile dume," Ta Kaijage akasema akipata pumzi. Akaliweka kwenye kiganja. "Nundu nzuri. Hili libaki dirishani kwangu."

"Na mkwe?" mama akauliza.

"Naye abaki. Mtu anayeitolea mahari hata cherehani hatamdhulumu binti yangu."

Vigelegele vikarudi kutoka nje, mara mbili ya vile vya kwanza. Nilicheka pamoja nao, nikapokea pongezi, nikapewa ndizi. Wote walifikiri nimeelewa. Asimwe alinitazama nikicheka, akajua. Akanishika mkono wa shati, akanitoa uani mpaka penye pikipiki, tukabaki wawili na keria tupu.

"Shija."

"Naam."

"Alisema mahali. Mahali pa kuuweka mzigo. Kizito kinakaa hapa," akapiga kiti kwa kiganja, pale pale nyuma ya ninapokaa mimi, "chini, karibu na mgongo wako. Kule nyuma unaweka blanketi."